Plegrupu tuliyoianzisha wenyewe Umoja

Binti yangu alipokuwa anakaribia miaka mitatu, siku yake ilikuwa katuni asubuhi, uji, katuni tena, usingizi, kisha kusimama kwenye kizingiti akiwatazama watoto wa shule wakipanda ngazi jioni. Tunaishi kwenye fleti huku Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne. Chini hakuna uwanja. Kuna magari yaliyoegeshwa, mitungi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Mimi ni fundi wa nguo na nashonea nyumbani, kwa hiyo mtu angesema mtoto ana bahati, mama yupo. Nilikuwepo kweli, lakini mguu ulikuwa kwenye cherehani. Krismasi ilipofika na binamu zake wakaja kututembelea, alijibanza nyuma ya kochi na hakutoka mpaka wageni walipoanza kuvaa viatu. Januari ikaanza nikiwa natafuta plegrupu, yaani kikundi cha watoto wadogo kucheza pamoja kabla ya kuanza chekechea.

Njia iliyozoeleka ni shule za kibinafsi, zile zenye darasa la plegrupu chini ya PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Nilizitembelea za karibu nasi. Zipo nzuri, nisiwadanganye. Lakini katika mojawapo nilikuta watoto wa miaka mitatu wamekaa vitini, penseli mkononi, wakijaza ukurasa mzima wa herufi moja. Mwalimu mmoja alikuwa na darasa zima, bila msaidizi. Alinifungulia madaftari kwa fahari akanionyesha kazi ya nyumbani. Nilipouliza wanacheza wapi, nikapelekwa mahali basi la shule linapoegeshwa. Karo niliyotajiwa ilikuwa shilingi 12,000 kwa muhula, mbali na sare, chakula na nauli ya basi. Mtoto mmoja pale nyuma alikuwa amelala juu ya dawati, mate yakilowesha daftari. Nilitoka nikiwa na huzuni ambayo hadi leo sijaisahau.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni hili: katika mfumo wa elimu wa Kenya wa 2-6-3-3-3, ile miaka miwili ya mwanzo ni PP1 na PP2, na mtoto huanza PP1 akiwa na umri wa miaka minne. Plegrupu haimo. Mtaala haumdai mtoto wa miaka mitatu kujua kuandika, wala kuhesabu hadi mia. Kwa hiyo hofu ile ya kwamba mtoto wa jirani ameshaanza kuandika na wako bado, iweke kando. Mtoto wa umri huu anahitaji wenzake, nafasi ya kukimbia, na mtu mzima anayemjua kwa jina na kwa tabia.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mstaafu wa chekechea ambaye nilikuwa namshonea. Alikuja kujaribu gauni lake, akamwona binti yangu amekaa kimya, akaniuliza, "Mama, huyu hucheza na nani?" Nikamwambia hajui kucheza na wenzake, kila akikutanishwa nao anakaa pembeni na vitu vyake. Mwalimu akaniambia hiyo si kasoro. Watoto wa miaka miwili na mitatu huanza kwa kutazama, kisha wanacheza kando kwa kando, kila mmoja na lake, na kushirikiana huja baadaye. Mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, aliyaeleza hayo mwaka 1932, na mwalimu alikuwa ameyasoma chuoni na kuyaona kwa macho yake miaka yote aliyofundisha. "Mweke karibu na wenzake, umpe muda," akasema. "Usimsukume."

Tukaanza kuzungumza na majirani kuhusu kuanzisha kikundi chetu wenyewe. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1961 mama mmoja wa London, Belle Tutaev, aliandika barua kwa gazeti la The Guardian akiwahimiza wazazi waliokosa nafasi za chekechea waanzishe vikundi vyao wenyewe, na kutoka hapo kikazaliwa chama cha plegrupu cha Uingereza. Habari hiyo ilinipa nguvu, maana kuna wakati mtu hujiuliza, mimi nani hata nianzishe kitu cha watoto bila cheti cha ualimu?

Mahali palitusumbua kuliko yote. Wazo la kwanza lilikuwa juu ya paa la fleti, na mwenye nyumba akakataa. Alikuwa na haki. Kule kuna matangi, nyaya, na ukuta ambao mtoto mwenye ndoo ya kukanyagia angeupanda bila shida. Sebule ya mtu nayo haifai. Tulijaribu, na siku chache tu mwenye sebule alikuwa amechoka kuokota makombo. Mwishowe kanisa moja likatukubalia ukumbi wake mdogo asubuhi tatu kwa wiki, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, mradi tuuache umefagiliwa. Una choo karibu, maji ya bomba siku za maji, na lango linalofungwa kwa ndani. Ukienda kuangalia ukumbi, angalia vitu hivyo vitatu kabla ya kuangalia rangi ya kuta. Piga magoti pia, utazame kutoka urefu wa mtoto. Sisi tulipopiga magoti ndipo tulipoona soketi wazi na misumari iliyochomoza chini ya viti.

Niseme pesa zilivyokwenda, kwa sababu watu huona haya kuzitaja. Kila mtoto alilipiwa 1,500 kwa mwezi kupitia M-Pesa. Tulipokuwa watoto wanane hiyo ikawa 12,000. Ukumbi 2,000, mwalimu 7,000, na zilizobaki zikaenda kwa unga wa uji, sukari, sabuni na karatasi za choo. Mwalimu alitaka kuja bure. Tulikataa, na ninafurahi tulikataa. Mtu anayekuja bure humwonei haya ukimchelewesha, naye hawezi kukudai siku ambayo hujafika kwa zamu yako. Shida ilikuja wazazi wawili walipokaa miezi bila kulipa na hakuna aliyetaka kuwaambia. Tukakubaliana mchango utolewe kabla ya tarehe tano, na aliyekwama aseme mapema apewe zamu za ziada za kufagia na kupika uji badala ya pesa. Mmoja alikubali na akawa mpishi wetu bora. Mwingine aliondoka, na urafiki wetu ukaondoka naye. Hilo liliniuma.

Zamu ndizo zilizotuweka salama. Kila asubuhi, mbali na mwalimu, wazazi wawili walikuwa ndani, na hatukuruhusu watoto zaidi ya wanne kwa mtu mzima mmoja. Fahamu pia kwamba ukianza kulipwa kuwalinda watoto wa watu wazazi wakiwa kazini, hiyo ni kazi nyingine. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti, kwa hiyo ukafike ofisi za kaunti uulize kinachotakiwa kabla hujabandika bango.

Vitu vya kuchezea tulinunua vichache mno. Nilileta vipande vya vitambaa kutoka kwenye kazi yangu, nikivikagua kimoja kimoja kwa mkono nisije nikaleta pini. Tulikuwa na masanduku ya karatasi kutoka dukani, vifuniko vya chupa vikubwa visivyoweza kumezwa, unga uliokandwa kwa chumvi na maji, na vitabu vichache vya mitumba kutoka soko la Mutindwa. Kitu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa beseni la maji.

Nakumbuka asubuhi moja binti yangu alikuwa upande huu wa beseni na kikombe chake, na upande ule mvulana wa jirani na sufuria kuukuu yenye tundu. Kwa muda mrefu hawakutazamana. Yeye anachota, anamwaga. Huyu anachota, maji yanamtoroka kwenye tundu, anachota tena. Kisha binti yangu akaacha. Akaliangalia lile tundu. Akaweka kidole chake chini ya sufuria ya mwenzake, maji yakakatika. Akakitoa, yakatiririka. Mvulana akacheka, naye akacheka, wakaanza kupokezana: huyu anajaza, huyu anaziba. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya jambo pamoja na mtoto mwingine. Nilikuwa zamu ya uji, na uji uliungua, na hakuna aliyenilaumu.

Sasa nije kwenye kuachwa, ambako machozi mengi yalimwagika, ya watoto na yetu. Siku za mwanzo kila mtoto alibaki na mzazi wake. Baadaye, wasiokuwa na zamu walitakiwa waende zao, na hapo kila mtu akaja na ujanja wake. Baba mmoja alimsubiri mwanawe ashughulike na masanduku, akanyata akatoka. Mtoto alipogeuka akakosa baba, alipiga kelele hadi sauti ikakauka, na kwa majuma baada ya hapo hakuachia suruali ya baba yake hata akienda chooni. Mwalimu alituita akatueleza kwa upole: ukimtoroka mtoto, unamfundisha kwamba mtu anaweza kupotea wakati wowote, kwa hiyo asithubutu kucheza, akulinde.

Utaratibu aliotupa ni huu, na ndio ninaowapa wengine hadi leo. Kwanza kaa ukutani, usicheze naye, usimwite, uwepo tu. Akikuacha akaenda mbali na kurudi kukugusa, hiyo ni dalili njema. Kisha mwambie wazi, "Naenda kununua uzi, nitarudi ukimaliza uji," na urudi kweli uji ukiisha. Watoto hawajui saa, wanajua uji. Mpe kitu chenye harufu ya nyumbani; wangu alibeba kipande cha leso yangu. Muage mara moja, mlangoni, usirudi kuchungulia dirishani. Binti yangu alilia. Mimi nami nililia njia nzima hadi Mutindwa, nikanunua uzi wa rangi nisiyoihitaji. Niliporudi alikuwa na masharubu ya uji, hata hakukimbia kuja kwangu. Wapo waliozoea kwa siku chache na wapo waliochukua muhula mzima. Usimlinganishe wako na yeyote, na usikubali mtu akwambie eti unamdekeza kwa kuwa unakwenda polepole.

Jambo lililokaribia kuvunja kikundi ni meno. Binti yangu alimng'ata mtoto wa jirani mkononi, karibu na kiwiko. Sikuwepo. Nilijua kwa kuona picha kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: mkono mdogo na duara la alama za meno, na chini yake maneno ambayo sitayarudia hapa. Wengine wakaongeza yao. Kufikia jioni mwanangu, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa ameitwa mnyama. Nilitaka kumtoa siku hiyohiyo.

Mwalimu alipiga simu kwa kila mmoja, akatuita ukumbini, simu zikawekwa mezani. Aliongea na mama wa aliyeng'atwa kwanza, akamwacha aseme yote. Mama huyo alisema jambo moja lililonigusa: "Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeniambia. Nilimkuta mtoto na alama nikimwogesha." Alikuwa na haki kabisa. Nilimwomba msamaha pale mbele ya wote, naye akaupokea.

Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu. Aliyeng'atwa hushughulikiwa kwanza: anabebwa, panaoshwa kwa maji na sabuni, kitambaa baridi kinawekwa, na ngozi ikipasuka anapelekwa hospitali. Aliyeng'ata anaambiwa maneno machache, mtu mzima akiwa amechuchumaa usawa wa macho yake: "Hatung'ati. Anaumia." Hakuna kupigwa, na hakuna lile la kumng'ata naye aonje. Wazazi wote wawili wanaambiwa ana kwa ana kabla hawajaondoka. Picha za watoto za kulalamikia ni marufuku kwenye WhatsApp.

Mwalimu pia aliandika kwenye daftari kila ugomvi na saa yake. Baada ya muda mambo yakajionyesha: karibu ugomvi wote ulitokea kabla ya uji, watoto wakiwa na njaa na uchovu, au pale kitu kimoja kilipogombaniwa na wawili. Tukasogeza uji kutoka saa tano hadi saa nne na nusu. Kila kitu kinachopendwa tukakiweka viwili: mabeseni mawili, sufuria mbili. Kung'atana hakukuisha kabisa, lakini kulipungua hata tukaacha kukuongelea. Ukianzisha kikundi, kaeni mkubaliane kuhusu meno, makofi na kusukumana kabla halijatokea la kwanza, kwa sababu litatokea, na likitokea kila mzazi ana wake wa kumtetea.

Maradhi nayo yalikuja. Mwezi wa kwanza binti yangu alipata mafua yasiyokauka, na pesa za kliniki zikapita mchango wa plegrupu wenyewe. Hakuna aliyenitayarisha kwa gharama hiyo, kwa hiyo nakutayarisha wewe. Tulikubaliana kwamba mwenye homa, anayehara, mwenye macho mekundu yenye tongo au vipele vipya abaki nyumbani, hata kama ni zamu ya mzazi wake. Siku ya kujiandikisha kila mmoja alileta kijitabu cha kliniki. Hapo tuligundua kuna waliochanjwa ukambi na rubela wakiwa na miezi tisa lakini wakakosa ile ya miezi 18, si kwa kukataa bali kwa sababu mama alikuwa amerudi kazini na tarehe ikapita. Walikwenda wakachanjwa, bila malipo, kwenye kituo cha afya cha serikali. Huko huko watoto hupewa vitamini A kila baada ya miezi sita hadi wafike miaka mitano, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Chungulia kijitabu chako leo.

Kuna suala nisiloweza kuliruka. Akina mama wengi Nairobi wako kazini saa tatu asubuhi, na anayebaki na mtoto ni dada wa kazi. Tulipowaalika waje na watoto, mzazi mmoja alisema hakujiunga ili akae mkeka mmoja na wafanyakazi. Tulimwambia milango iko wazi kuingia na kutoka. Wale madada walikuwa nguzo yetu. Mmoja, msichana aliyetoka Busia ambaye shinda yake yote ilikuwa ndani ya nyumba na mtoto na televisheni, alikuwa na hadithi na michezo ya duara ambayo sisi tuliokulia Nairobi hatukuijua. Watoto walimfuata kama vifaranga. Mwajiri wake alituambia baadaye kwamba hata nyumbani mambo yalibadilika, televisheni ikawa inazimwa bila yeye kusema. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na apate angalau dakika 180 za kujongea na kucheza. Ukiwa ghorofa ya nne, dakika hizo hazipatikani bila mtu wa kushuka naye. Mtu huyo mara nyingi ni dada wa kazi. Mlipe vizuri na umpe ruhusa ya kutoka.

Umri tuliuwekea mipaka baada ya kuona watoto wachanga wanaotambaa wakikanyagwa na wa miaka mitano. Sasa tunapokea wa miaka miwili hadi minne tu. Akina baba ni wachache, lakini yule aliyenyata siku ile hakukosa zamu tena, na ndiye aliyetutengenezea lango.

Binti yangu sasa yuko PP1 katika kituo cha umma. Ukifikiria njia hiyo, andaa mapema cheti cha kuzaliwa na kijitabu cha kliniki, na uulize kuhusu chakula: mpango wa kaunti ya Nairobi wa Dishi na County, ulioanza 2023, humlisha mtoto mchana kwa mchango wa mzazi wa shilingi tano kwa sahani. Siku ya kwanza aliniaga mlangoni na akaingia. Hajui bado kuandika jina lake lote, na mwalimu wake hajalalamika.

Kwa anayetaka kuanza, tafuta mtu mzima wa kuaminika kwanza, kisha ukumbi, kisha watoto, kwa mpangilio huo. Anzeni wachache, wanne wanatosha. Msinunue chochote mwezi wa kwanza ila sabuni, unga wa uji na daftari la mwalimu. Na kama uko Umoja, ukumbi wetu una nafasi siku za Jumanne na Alhamisi. Kuna akina mama wa upande wa pili wa barabara wanaotafuta wenzao wa kugawana kodi.